Kutoka Nyankunde hadi Bunia: Shule ya Wauguzi Iliyohama na Jina Lake

Mjini Bunia kuna taasisi ya elimu ya juu inayofundisha uuguzi kwa jina la kijiji ambacho haimo. Inaitwa ISTM Nyankunde. Nyankunde yenyewe iko umbali wa kilometa 45 hivi kusini-magharibi mwa mji, katika utawala wa kichifu wa Andisoma, nchi ya Wabira, wilayani Irumu. Jina lilihama pamoja na watu. Ndani yake mna historia ya miaka sitini ya namna Ituri ilivyojifunza kuuguza wagonjwa wake: nani alifundishwa, nani alifundisha, na kwa nini mwanafunzi wa huku alitakiwa tangu mwanzo ajue mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye cheti chake.

Katika Kongo ya Wabelgiji muuguzi kwa kawaida alikuwa mwanaume, naye alifundishwa ili amsaidie daktari Mzungu. Ngazi zilipangwa wazi. Chini kabisa alikaa mlinzi wa wagonjwa, juu yake muuguzi msaidizi, kisha muuguzi mwenye diploma, na kileleni msaidizi wa tabibu, ambaye alisoma miaka mingi na bado hakuitwa daktari. Wanawake waliingia kwa mlango wa uzazi, wakiwa wasaidizi wa wakunga. Huko Yakusu, karibu na Kisangani, hospitali ya misheni ya Wabatisti wa Uingereza chini ya Dk. Clement Chesterman, aliyefika mwaka 1920, iliwafundisha vijana wa mtoni kutafuta malale, kuchoma sindano na kusimamia zahanati za vijijini. Kisantu, upande wa magharibi, Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha taasisi yake ya kitabibu mwaka 1926. Ituri nayo ilikuwa na hospitali za kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto, za serikali na za misheni. Ilikuwa pia na ugonjwa wake wa kutisha, tauni, inayojulikana katika nyanda za juu za Djugu na Mahagi tangu miaka ya 1920 na ambayo mpaka leo haijatoka.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na daktari Mkongo aliyehitimu chuo kikuu. Walikuwepo wasaidizi wa tabibu zaidi ya mia moja, na Shirika la Afya Duniani likawasaidia makumi kati yao kwenda Ufaransa kumalizia masomo ya udaktari. Katika muda mfupi madaktari wengi wa Kibelgiji walikuwa wameondoka. Hospitali na zahanati za mashariki zikabaki mikononi mwa wauguzi, watu waliofundishwa kupokea maagizo, na sasa hapakuwa na wa kuyatoa. Tangu hapo muuguzi wa Kongo amekuwa akifanya kazi ambazo katika nchi nyingine hufanywa na daktari. Mtu asiyelikumbuka hilo hawezi kuelewa mtaala wa uuguzi wa nchi hii, wala ugomvi wa vyeo vyake.

Madaktari wawili wa kigeni walikuwa wameliona tatizo hilo kabla ya uhuru. Carl Becker, Mmarekani wa Africa Inland Mission, alifika Kongo mwaka 1929, na kuanzia 1934 alijenga hospitali ya Oicha ukingoni mwa msitu wa Ituri, pamoja na kambi ya wakoma iliyokuja kupokea wagonjwa kwa maelfu. Helen Roseveare, Mwingereza aliyesomea udaktari Cambridge, alifika mwaka 1953, akaanzia Ibambi, kisha mwaka 1955 akahamia Nebobongo. Alijikuta daktari katika eneo kubwa mno, na hesabu haikukubali: hata asipolala, asingeweza kumfikia kila mgonjwa. Akaamua kufundisha. Aliwachukua vijana wachache, akawafunza kwa kuwaonyesha kazi kitandani pa mgonjwa, akawapeleka kwenye mtihani wa serikali, na waliofaulu wakatumwa kuendesha zahanati.

Kisha ukaja mwaka 1964. Waasi wa Simba walipoiteka kaskazini-mashariki, Becker, akiwa na miaka 70, alilazimika kuikimbia Oicha. Roseveare alishikwa mateka, akapigwa na kutendewa ukatili kwa miezi kadhaa hadi alipookolewa mwishoni mwa mwaka huo. Wakongo waliokuwa wakifanya kazi nao walipata mateso yao, na wengi wao hawakuwa na ndege ya kuwatoa. Hospitali ziliporwa, dawa zikamwagwa, vitabu vikachomwa.

Wote wawili walirudi, na kilichofuata ndicho kilichoifanya Ituri kuwa kitovu cha elimu ya uuguzi mashariki mwa nchi. Misheni tano za Kiprotestanti zilikubaliana kuunganisha nguvu mahali pamoja badala ya kila moja kuhangaika peke yake na jengo lake lililovunjwa. Mahali palipochaguliwa ni Nyankunde, na taasisi ikaitwa Kituo cha Kitabibu cha Kiinjili, CME. Uwanja wa ndege ndogo uliiunganisha na vituo vya mbali: daktari aliweza kuruka kwenda kufanya upasuaji na kurudi, na mgonjwa mahututi aliweza kuletwa. Pembeni ya hospitali kukaanzishwa shule.

Roseveare alifika hapo baada ya kurejea mwaka 1966 na kuiongoza kazi ya shule mpaka alipoondoka Kongo mwaka 1973. Bonde linalotajwa katika kichwa cha kitabu chake He Gave Us a Valley ni hilo la Nyankunde. Wanafunzi wa kwanza hawakukuta shule iliyokamilika. Walishika matofali na mbao pamoja na walimu wao, huku wakisoma anatomia. Kibali rasmi cha serikali kilichukua muda, na bila kibali diploma ilikuwa karatasi tu. Wauguzi wa leo wanaolalamika kwamba shule zao zinacheleweshewa vibali wana wenzao wa zamani katika malalamiko hayo.

Nguvu ya Nyankunde ilikuwa ukaribu wa darasa na wodi. Mwanafunzi aliyesoma habari za upungufu wa damu kwa watoto wenye malaria hakuhitaji kusafiri kuuona. Aliuona kwenye kitanda cha hatua chache kutoka alipokaa. Chukua jambo moja dogo ambalo kila aliyepita katika shule ya uuguzi ya Kongo analijua: kuhesabu matone ya dripu. Hakuna mashine ya kupima mtiririko. Kuna chupa iliyotundikwa, mpira, kibano cha kuzungusha kwa kidole gumba, na saa ya mkononi. Mwalimu anasema: lita moja ya maji ya chumvi, iingie kwa saa nane. Mwanafunzi anajua kwamba kwa mpira wa kawaida matone 20 ni mililita moja. Lita ni matone 20,000, saa nane ni dakika 480, jibu ni matone 42 kwa dakika. Anainama, anatazama kichupa cha matone, anatazama saa, anahesabu, anakaza kibano kidogo, anahesabu tena. Baada ya nusu saa anarudi, kwa sababu mgonjwa amegeuza mkono na kasi imebadilika. Kwa mtu mzima kosa dogo linasameheka. Kwa mtoto wa kilo nane mwenye moyo uliochoka kwa kukosa damu, dripu iliyoachwa ikimbie inaua. Hesabu yenyewe mwanafunzi yeyote anaweza kuikariri ubaoni. Kurudi kitandani baada ya nusu saa hufundishwa wodini, na mtu aliyesimama nyuma ya mwanafunzi.

Ndivyo ilivyo pia kwa chumba cha uzazi. Patogramu ni karatasi yenye mistari ya kufuatilia uchungu wa mama. Mtu anaweza kuijaza yote baada ya mtoto kuzaliwa, ikapendeza. Lakini mwanafunzi aliyefunzwa vizuri anasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa na kuweka nukta wakati huohuo, na mstari wa njia ya uzazi ukianza kuelekea upande wa hatari anaita mtu kabla mama hajachoka. Mwalimu wa staji, yaani mafunzo ya vitendo, yule anayesaini daftari la mwanafunzi, anajua tofauti ya karatasi hizo mbili kwa kuzitazama tu.

Katika miaka ya 1970 elimu ya juu ya uuguzi ilichukua sura inayojulikana sasa, kwa taasisi za juu za mbinu za kitabibu, ISTM, ya kwanza ikiwa Kinshasa. Uganda jirani ilianza shahada ya uuguzi Makerere mwaka 1993 tu, kwa hiyo Kongo haikuwa nyuma kwa wazo. Ngazi zikawa zile ambazo kila mzazi wa Bunia anazitaja bila kufikiri: A2 kwa anayesoma katika shule ya sekondari ya kitabibu, ITM, A1 kwa anayeendelea miaka mitatu baada ya diploma ya serikali, A0 kwa anayeongeza miaka miwili na kupata lisansi. Shule ya Nyankunde nayo ilipanda ngazi hizo kadiri miaka ilivyokwenda, ikawa na taasisi ya elimu ya juu.

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochukua kwa dhati wazo la afya ya msingi. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni 306 za afya, na mradi wa SANRU, ulioanza mwaka 1981 chini ya muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, ulizisaidia nyingi kusimama. Kila zoni ina hospitali yake ya rufaa, na chini yake vituo vya afya. Anayekisimamia kituo ni muuguzi, IT kama wanavyomwita. Anapokea wagonjwa, anapima, anaandika dawa, anazalisha, anachanja, anatunza sanduku la dawa, anaandika ripoti ya mwezi, anakutana na kamati ya wakazi. Akiona bonge la tauni kwenye kinena cha mchimba dhahabu, yeye ndiye wa kulitambua, maana maabara iko mbali na mgonjwa ana siku chache. Kwa kazi ya namna hiyo Nyankunde ilizaa shule ya pili katika miaka ya 1990, IPASC, iliyoasisiwa na Pat Nickson na kujikita katika afya ya jamii.

Miaka hiyohiyo ya 1990 serikali iliacha kulipa. Uporaji wa mwaka 1991, kukatika kwa misaada na kuporomoka kwa sarafu viliacha hospitali zikijiendesha kwa pesa za wagonjwa. Muuguzi akawa anaishi kwa prime, yaani posho inayotokana na mapato ya kituo au mfadhili, na wapo waliofanya kazi miaka mingi bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Tatizo hilo halijaisha.

Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999 na kuua zaidi ya watu 50,000. Tarehe 5 Septemba 2002 vilifika Nyankunde. Wapiganaji wa Kingiti pamoja na askari wa APC, jeshi la kundi la RCD-ML, waliingia kijijini na hospitalini wakitafuta watu kwa makabila yao. Human Rights Watch iliripoti kwamba mauaji yaliendelea kwa siku kumi na kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa, wagonjwa wakiwamo vitandani mwao. Wafanyakazi wa hospitali walifichana, Mngiti akimficha Mhema, Mbira akimficha jirani. Walionusurika walikusanyika, wakachukua wagonjwa walioweza kuwachukua, wakatembea siku kadhaa kupitia msituni mpaka Oicha, kule kule Becker alikokuwa amejenga hospitali. Hospitali iliyochukua zaidi ya miaka 35 kuijenga iliporwa mpaka mabati na mabomba.

Majengo yalikuwa yameisha. Waliobaki ni watu wanaojua kufundisha, na kwao ndiko shule iliendelea. CME ilifungua matawi mahali wakimbizi walipokuwa, Beni na Bunia. IPASC ilihamia Aru, kaskazini, na iko huko mpaka sasa. Hospitali ya Nyankunde yenyewe ilifufuliwa miaka iliyofuata, lakini ISTM ikashika mizizi Bunia.

Bunia haikuwa mahali pa utulivu. Mei 2003, jeshi la Uganda lililokuwa mjini humo lilipoondoka, mji ukageuka uwanja wa mapigano, na ikabidi Umoja wa Ulaya utume kikosi cha Artemis kuanzia Juni hadi Septemba. Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hospitali katika majengo ya Bon Marché, na wauguzi wa mjini wakafanya kazi humo kutibu majeraha ya panga na risasi, kuzalisha, na kuwahudumia wanawake waliobakwa. Kizazi kizima cha wauguzi wa Bunia kilijifunza huko mambo ambayo mtaala wa wakati ule uliyagusa kwa mbali tu: kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, kusafisha kidonda bila kukifunga mapema, kumsikiliza aliyebakwa bila kumhukumu.

Kisha likaja jaribio jingine. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ilivuka kuingia Ituri, ikaitesa Mambasa na kuigusa Bunia, na ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Wahudumu wa afya zaidi ya 160 walikuwa miongoni mwa waliougua. Sehemu kubwa ya maambukizi ya mwanzo ilitokea ndani ya vituo vya afya, kwenye sindano, kwenye vitanda vilivyolaliwa na watu wawili, kwenye mikono isiyooshwa. Ghafla somo la usafi, ambalo wanafunzi wengi walilichukulia jepesi, likawa somo la kwanza. Maji ya klorini ya asilimia 0.05 kwa mikono, ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vyombo. Kuvua glovu bila kugusa upande wa nje. Kusimama mbali wakati wa kuuliza maswali ya kwanza. Ndoo zenye bomba zilizowekwa kwenye milango ya hospitali za Bunia wakati ule zilikuwa mwalimu mzuri, na inasikitisha kila mahali zilipoachwa zikauke.

Kwenye karatasi, elimu ya uuguzi imepiga hatua. Shule za ITM zimepewa mtaala unaopima anachoweza kufanya mwanafunzi badala ya alichokariri. Sheria ya Julai 2016 iliunda Oda ya Taifa ya Wauguzi. Vyuo vya elimu ya juu viliingizwa kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 katika mfumo wa LMD, ambamo lisansi inachukua miaka mitatu. Wasichana, ambao enzi za Wabelgiji walibanwa kwenye uzazi, sasa wamejaa madarasani.

Kinachokwama ni wodi. Shule zimeongezeka nchi nzima kwa kasi ambayo hospitali hazikuifuata, na Bunia inaliona hilo asubuhi yoyote: bluzi nyeupe zimekizunguka kitanda kimoja, anayeshika bomba la sindano ni mmoja, waliobaki wanatazama mabega ya wenzao. Nje ya mji kuna vitanda, lakini kuna hofu. Ituri iko chini ya hali ya kijeshi tangu Mei 2021. Hospitali ya Drodro, wilayani Djugu, ilishambuliwa Machi 2024 na mgonjwa akauawa kitandani mwake. Shule gani itampeleka binti wa miaka ishirini kufanya staji huko? Hivyo wote wanabaki mjini, na mhitimu anapelekwa peke yake kusimamia kituo cha kijijini bila kuwahi kukanyaga kituo cha kijijini akiwa mwanafunzi. Huko ni kurudi nyuma ya Nebobongo ya mwaka 1955, ambako wanafunzi walikuwa wachache na kila mmoja alishika kazi kwa mkono wake.

Walimu wa staji nao wanastahili kutajwa. Wengi ni wauguzi wa zamu ambao wana wagonjwa wao wa kuhudumia, na wanafunzi ni nyongeza isiyo na malipo. Wanafundisha kwa sababu nao walifundishwa hivyo. Mkoa unaotegemea ukarimu huo miaka nenda rudi unawadhulumu, na kulipia kazi hiyo kungekuwa nafuu kuliko kufungua shule nyingine.

Wizara ya Afya na ile ya Elimu ya Juu zina uwezo wa kurekebisha hili bila kusubiri amani kamili. Kibali cha shule kitolewe pale tu kuna mkataba na hospitali unaotaja idadi ya wanafunzi kwa wodi na jina la mwalimu wa staji anayelipwa. Nao wazazi wa Bunia, kabla ya kulipa ada ya kwanza, waende wenyewe kuuliza: mtoto wetu atafanya staji hospitali gani, wangapi kwa zamu moja, na nani atasaini daftari lake? Shule isiyoweza kujibu maswali hayo matatu haifai kupewa pesa zao.